MNENE AANZAPO KUKIMBIA: TUSIMCHEKE, NAYE ASIHARAKISHE

Kila mwaka mpya unapoingia, na aghalabu kila mtu anapotoka kupimwa akaambiwa kwamba presha imepanda, husikika azma ile ile: "Jumamosi naanza kukimbia." Mtu huyo, ambaye kwa miaka kumi au kumi na mitano hakupata kukimbia hata kulifukuzia basi, hununua raba mpya, huamka alfajiri, hujiunga na vijana wa kikundi cha jogingi cha mtaani kwake, na huondoka nao kwa kasi yao. Robo saa haijatimia, pumzi imemwishia. Jumatatu hawezi kupanda ngazi. Jumatano goti limevimba. Baada ya wiki mbili raba zimo chini ya kitanda, na mwenyewe amekwisha kujihukumu: kukimbia hakukuumbiwa watu kama mimi.

Sisi tunasema kwamba hukumu hiyo si ya haki. Kilichoshindwa si mwili wake wala nia yake, bali ni mwendo alioanza nao. Mtu mnene anaweza kukimbia, na katika kukimbia kwake mna kheri nyingi. Lakini ni lazima aanze polepole kuliko anavyodhani, na sisi tunaomzunguka ni lazima tumpe nafasi ya kuwa polepole bila ya kumwonea haya wala kumtia haya.

Jambo hili si la mapambo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mnamo mwaka 2022 watu wazima milioni 890 walikuwa na unene uliopita kiasi, na kwamba katika kila watu wanane duniani, wakubwa kwa watoto, mmoja alikuwa katika hali hiyo. Wala tusidhani kwamba hayo ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Hapa Tanzania uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionesha kuwa asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ukakuta imefika asilimia 28. Unene huo ndio unaofuatana na presha, kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi. Ni nani miongoni mwetu asiyemjua baba au mama aliyeanguka ghafla upande mmoja ukapooza, akaacha watoto wangali wanasoma?

Macho ya watu

Kabla ya kuzungumzia miguu, hatuna budi tuzungumzie macho na ndimi zetu. Mnene anayetaka kupungua huku kwetu hukabiliwa na vizuizi viwili, na vyote viwili twaviweka sisi wenyewe.

Cha kwanza ni sifa. Kwetu unene umekuwa dalili ya neema. Mume akinenepa, twasema mke anamtunza. Mke akinenepa, twasema ameolewa pema. Kinyume chake, anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Tuhuma hii ina historia yake. Katika miaka ya themanini ukimwi ulipoanza kuenea kandokando ya Ziwa Viktoria, wenzetu wa Uganda waliuita "slim", yaani wembamba, na tangu hapo watu wengi wa Afrika ya Mashariki wameuogopa mwili unaokonda kuliko unaonenepa. Leo dawa za kufubaza virusi zimewarudishia afya wagonjwa wengi, lakini woga ule umebaki, nao unamfanya mama mwenye kilo mia moja asite kupunguza hata kumi, asije akasemwa.

Cha pili ni kicheko. Mnene akitoka barabarani na raba zake, vijana wa kijiweni humhesabia hatua, na watoto humfuata nyuma. Mwanamke hupata shida zaidi, kwa kuwa hutazamwa mara mbili, kwa unene wake na kwa kuwa ni mwanamke. Ajabu ni kwamba hakuna amchekaye akiwa ameketi barazani na soda ya tatu mkononi; huchekwa siku anapoinuka kujiokoa. Hili ni jambo la kutuaibisha sisi, si yeye.

Kwa nini haraka humvunja

Tukija kwenye mwili wenyewe, hesabu yake si ngumu. Mtu anapotembea, kila mguu unapokanyaga hupokea mzigo unaozidi kidogo uzito wa mwili wake. Anapokimbia, mzigo huo hufikia mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Basi mtu mwenye kilo 95 akikimbia, kila hatua huushushia mguu mmoja mzigo wa kilo 190 na zaidi, na katika kilomita moja hupiga hatua kiasi cha elfu moja. Kijana wa kilo 60 aliye mbele yake habebi mzigo huo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Moyo na mapafu huzoea mazoezi mapema; baada ya wiki chache mtu huanza kuona pumzi yake imekuwa ndefu. Lakini mifupa, kano na maungio hukawia, nayo huhitaji miezi. Hapo ndipo penye mtego. Mwanafunzi wa mbio akisikia pumzi zimetulia hudhani mwili wote umekwisha kuwa tayari, akaongeza kasi na masafa. Kumbe goti, ugoko na kifundo cha mguu bado vinajengwa. Wengi huumia katika wiki za furaha.

Namna ya kuanza

Kwanza, mwenye uzito mkubwa, aliyepita miaka arubaini, mwenye presha au kisukari, au mwenye jamaa wa karibu waliokufa kwa maradhi ya moyo, aanze kwa daktari. Sababu yake tutaieleza mbele.

Pili, aanze kwa kutembea. Wiki nne za kutembea kwa mwendo wa mtu anayewahi miadi, dakika 20 na kupanda hadi 40, siku nne au tano kwa wiki, ndizo msingi wa nyumba. Asione kwamba anapoteza wakati. Kwa baadhi ya watu kutembea huku peke yake kunatosha kushusha presha.

Tatu, achanganye. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Josh Clark, alitunga utaratibu wa wiki tisa kwa ajili ya mama yake, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, na sasa utaratibu huo unafuatwa katika nchi nyingi. Siku ya kwanza mtu hutembea dakika 5, kisha hukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, akikariri hivyo kwa dakika 20. Na hufanya hivyo mara tatu tu kwa wiki, akipumzika baina ya siku na siku. Asiye na saa atumie nguzo za umeme: akimbie nguzo moja, atembee mbili. Wiki ikiwa nzito airudie, hata mara tatu. Wiki tisa zikigeuka ishirini hakuna aliyedhulumiwa.

Nne, kasi yake iwe ile inayomruhusu kusema sentensi nzima bila ya kukatika pumzi. Akishindwa kusema, anakwenda mbio mno. Ikiwa kwa kasi hiyo mtu anayetembea anampita, na ampite.

Tano, achague udongo tambarare au uwanja wa shule, aepuke miteremko, na avae raba zisizokwisha soli. Za mitumba si haramu, lakini azipinde na kuzitazama chini kwanza. Aache desturi ya kuvaa koti zito au kujifunga plastiki tumboni ili atoe jasho: kinachotoka ni maji, si mafuta, na akinywa maji uzito hurudi pale pale, isipokuwa huenda jua la Dar es Salaam au Mombasa likamwangusha kabla hajafika kwenye maji hayo. Alfajiri ndiyo saa yake. Na mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kukata mazoea, kwani mtu aweza kutembea muda mfupi kabla ya kufuturu. Ila mwenye kisukari anayetumia dawa apate kwanza ushauri wa daktari.

Sita, ajue kutofautisha maumivu. Uchovu wa misuli ya miguu yote miwili unaotoweka baada ya siku mbili au tatu ni wa kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja, yanayozidi kila akikimbia, ni amri ya kusimama. Ama kifua kikibana, au kichwa kikizunguka, asiseme "itapita". Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Hesabu ya sahani

Hapa hatuna budi kusema ukweli usiopendwa. Kukimbia peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyotarajia. Kwa makadirio, mtu hutumia kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita anayokimbia. Basi mwenye kilo 95 akikimbia kilomita tatu ametumia kalori 285 hivi. Chapati moja kubwa ya mafuta hukaribia hapo. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai tisa hivi, nayo ni kalori 150: kilomita moja na nusu imekwisha kunywewa kwa dakika mbili. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi, yaani mbio za kilomita themanini.

Kwa hiyo anayerudi mbioni akajizawadia maandazi manne na chai ya sukari nyingi asishangae mizani ikisimama. Uzito hupungua zaidi mezani kuliko barabarani. Mbio kazi yake ni nyingine, na si ndogo: huimarisha moyo, husaidia kushusha presha na sukari ya damu, huleta usingizi, hulinda misuli, na husaidia uzito uliokwisha kuondoka usirudi. Ndiyo maana twasema asiipime faida yake kwa mizani peke yake. Aipime pia kwa ngazi anazopanda bila ya kuhema.

Funzo la Jim Fixx

Mwaka 1967 Mmarekani mmoja, Jim Fixx, mwenye umri wa miaka 35, uzito wa kilo 97 na desturi ya kuvuta pakiti mbili za sigara kwa siku, alianza kukimbia. Aliacha sigara, akapungua kilo 27 hivi, na mwaka 1977 akatoa kitabu juu ya mbio kilichouzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja. Watu wasiohesabika walianza kukimbia kwa sababu yake. Kisha tarehe 20 Julai 1984, akiwa na miaka 52, alianguka akifa katika mbio zake za kila siku huko Vermont. Walipompasua walikuta mishipa ya moyo imeziba vibaya.

Wavivu wa dunia nzima walifurahi: mnaona, mbio zinaua! Lakini baba yake Fixx alifariki kwa moyo akiwa na miaka 43, naye mwenyewe alivuta sigara miaka mingi. Dkt. Kenneth Cooper, bingwa wa elimu ya mazoezi, alieleza kwamba miezi michache kabla ya kifo hicho Fixx alifika kwenye kliniki yake akakataa kupimwa moyo. Funzo letu basi si kuacha mbio. Funzo ni kwamba mbio hazifuti kila kilichotangulia, wala hazichukui nafasi ya daktari. Pimeni kwanza, kisha kimbieni.

Mzee aliyebaki nyuma

Tumalizie kwa kisa kingine. Mwishoni mwa mwaka 1962 Bill Bowerman, kocha mashuhuri wa wakimbiaji wa Chuo Kikuu cha Oregon, aliitembelea New Zealand. Huko kocha Arthur Lydiard alikuwa amewazoesha watu wa kawaida, wakiwemo wanene na wazee, kukimbia polepole kwa ajili ya afya. Bowerman, mwenye miaka 51, akajiunga nao asubuhi moja akidhani ni mchezo. Wakamwacha. Aliyebaki naye nyuma, akizungumza naye njiani, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini aliyekwisha kuugua moyo. Bowerman alirudi kwao akawafundisha watu wa mji wake, na kitabu chake kiliwatoa Wamarekani wengi vitini.

Ndugu zetu, mara nyingi tumewahimiza wanene wakimbie. Leo tunawahimiza wembamba wabaki nyuma. Viongozi wa vikundi vya jogingi, wekeni kundi la wanaotembea, na awepo mmoja wenu wa kurudi na wa mwisho. Waume, mkeo akitaka kutoka alfajiri, fuatana naye. Vijana wa kijiweni, mkimwona mama anapita akihema, msalimieni kwa heshima na mumwache apite. Nawe uliyeanza jana ukaona haya, toka tena kesho. Nguzo moja mbio, mbili kwa miguu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nao hawakutaja kibaba kijae kwa siku ngapi.