Akordeoni ya Feruzi haikupata darasa. Yangambi inaweza kuanza

Desemba 2021, UNESCO ilipoingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, Kinshasa na Brazzaville zilishangilia. Majina yaliyorudiwa kwenye redio ni yale ambayo kila mtu anayajua: Wendo Kolosoy, Joseph Kabasele, Franco, Tabu Ley. Wachache walimkumbuka Camille Feruzi, ingawa wazee waliosikiliza santuri za zamani wanajua kwamba kuna rumba ambayo huwezi kuieleza bila vidole vyake.

Feruzi alipiga akordeoni. Jina lake ni jina la Kiswahili, jina la jiwe la thamani lenye rangi kati ya bluu na kijani, na mtu wa Kisangani au Kindu akilisikia haulizi linaandikwaje. Alijulikana Léopoldville kabla gitaa la umeme halijatawala, akarekodi na kampuni ya Ngoma, ile iliyoanzishwa mwaka 1948 na mfanyabiashara Mgiriki, Nicolas Jeronimidis. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Franco alimwita mzee huyo studio kupiga pamoja na OK Jazz. Katika nyimbo hizo magitaa yanapunguza sauti, yanampisha mzee, na akordeoni inaingia ikiimba kama mtu.

Baada ya hapo, kimya. Orkestra kubwa za Kongo ziliendelea na magitaa, saksafoni na ngoma, na akordeoni ikabaki kumbukumbu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba gitaa la umeme liliizidi nguvu. Ni kweli kwa sehemu, lakini hayatoshi. Franco alianza na gitaa la kujitengenezea, akafundishwa na Paul Ebengo Dewayon, kijana aliyemzidi kidogo tu. Ndivyo magitaa yalivyosambaa: ubao, waya, rafiki anayejua zaidi yako, jioni nyingi mtaani. Akordeoni haikubali njia hiyo. Ndani yake kuna mamia ya vijilimi vya chuma vilivyobandikwa kwa nta, kila kimoja kimepigwa tupa mpaka kitoe sauti yake. Hakuna mtoto anayeweza kuiunda kwa kopo na waya wa baiskeli. Ni ghali, ni nzito, na ikiharibika inahitaji fundi aliyesomea. Kwa hiyo chombo hiki kinahitaji shule kuliko gitaa. Kongo ilikuwa na mpigaji hodari. Nchi haikumjengea darasa.

Mambo yalikwendaje pale darasa lilipokuwepo? Mfano ulio wazi zaidi ni Mrusi anayeitwa Friedrich Lips.

Lips alizaliwa mwaka 1948, mwaka ule ule wa Ngoma, katika familia yenye asili ya Kijerumani huko Yemanzhelinsk, mji mdogo wa makaa ya mawe katika mkoa wa Chelyabinsk, mbali kabisa na Moscow. Chombo chake ni bayan, akordeoni ya Kirusi yenye vitufe pande zote mbili badala ya vibao kama vya piano. Wakati huo bayan ilikuwa chombo cha arusi, cha ulevi wa Jumapili na cha wanajeshi waliorudi vitani. Wasomi wa muziki waliiona kama wanavyoonwa wapiga likembe na baadhi ya watu wenye tai hapa Kongo.

Lakini mwaka huo huo wa 1948, taasisi ya Gnessin mjini Moscow ilifungua idara ya vyombo vya asili, bayan ikiwemo. Mtoto wa mji wa makaa akapata ngazi ya kupanda: chuo cha muziki cha Magnitogorsk, kisha Gnessin, kwa mwalimu Sergei Kolobkov. Mwaka 1969 alishinda shindano la Klingenthal, Ujerumani Mashariki, na tangu mwanzo wa miaka ya 1970 akaanza kufundisha pale pale aliposoma. Hakuacha kupiga, na hakuacha kufundisha.

Katika akordeoni ya kawaida, kitufe cha mkono wa kushoto hutoa sauti kadhaa kwa pamoja, mpangilio uliokwisha kutengenezwa kiwandani. Bayan ya wapigaji wa jukwaani ina swichi inayoufungua mkono huo: kitufe kimoja, sauti moja. Hapo mtu anaweza kupiga Bach kwa mikono miwili inayokwenda njia tofauti. Kujifunza hivyo peke yako ni kazi ya kukata tamaa. Lazima awepo mtu wa kukaa pembeni na kusema: kidole hiki hapa, mfuko uvute polepole, usibane bega. Lips aliyaandika hayo katika kitabu cha sanaa ya kupiga bayan kilichotoka mwaka 1985, na kimesomwa hata nje ya Urusi.

Alifanya jambo jingine. Alimfuata mtunzi Sofia Gubaidulina na kumwonyesha chombo kinaweza nini: kupumua, kulia, kutetemeka. Mwaka 1978 Gubaidulina aliandika De profundis, kazi ambayo leo hupigwa na mwanafunzi yeyote wa bayan anayejiheshimu. Tangu mwaka 1989 Lips ameendesha mjini Moscow tamasha la bayan na wapigaji wake. Chombo kilichoanzia kwenye ulevi wa Jumapili kilipata vitabu, watunzi, mashindano na warithi.

Urusi ya Kisovieti haistahili kusifiwa bila kipimo. Serikali iliyolipa walimu ndiyo iliyochagua muziki upi ni halali, na Gubaidulina mwenyewe alilaaniwa hadharani na chama cha watunzi mwaka 1979. Anayetaka kuiga ngazi si lazima anunue na fimbo.

Yangambi inahusikaje? Inahusika kwa sababu hakuna mahali Kongo panapojua vizuri zaidi kwamba kitu bora hakijizalishi chenyewe. Ni hapa, kilomita zipatazo 100 kutoka Kisangani ukishuka mto, ambapo watafiti wa INEAC walieleza siri ya mchikichi. Beirnaert na Vanderweyen walichapisha mwaka 1941 kwamba mti wenye kokwa la gamba nene ukichanganywa na ule usio na gamba, unapata tenera, wenye gamba jembamba na mafuta mengi. Mashamba ya mawese ya Malaysia na Indonesia yamejaa tenera. Lakini mkulima yeyote wa Yangambi anajua kasoro yake: ukipanda mbegu ya tenera moja kwa moja, watoto wanatoka mchanganyiko, nusu tu ndio wanaofanana na mzazi. Ili uendelee kupata tenera, lazima utunze wazazi wote wawili na kuwachanganya tena, mwaka baada ya mwaka, kwa mikono ya watu waliofundishwa.

Mpiga akordeoni kama Feruzi alikuwa tenera ambaye wazazi wake hawakutunzwa.

Na si akordeoni pekee. Pande hizi za mto, kutoka Yakusu hadi Isangi, zilijulikana duniani kwa lokole, ngoma ya gogo lililochimbwa, ambayo Walokele waliitumia kusema maneno kamili kwa kufuata sauti za juu na za chini za lugha yao. Mmisionari John Carrington aliyeishi Yakusu alijifunza kuipiga, akaandika kitabu mwaka 1949. Tayari wakati wake aliona vijana hawashiki tena ufundi huo kama baba zao. Shule iliwafundisha kusoma Kifaransa; lokole iliachiwa kijiji, na kijiji kikadhani itajifunzwa yenyewe.

Leo Yangambi inapata tena macho ya wageni. Kuna hifadhi yake ya mimea yenye sampuli zipatazo 150,000 za majani yaliyokaushwa. Kuna mnara wa mita 55 uliosimamishwa mwaka 2020 kupima hewa ya msitu. Umoja wa Ulaya umeweka pesa katika misitu na katika masomo ya vijana Wakongo. Ni mambo mema. Lakini katika mazungumzo yote hayo kuhusu kuhifadhi, jani lina kabati lake na mzee wa lokole hana hata kiti.

Watu watasema barabara kwanza, hospitali kwanza. Anayesafiri kwa pikipiki kutoka Kisangani wakati wa mvua hawezi kuwapinga. Ila hoja hiyo imetumika tangu uhuru, na barabara haijajengwa kwa pesa iliyookolewa kwenye muziki. Mwalimu mmoja wa muziki hazuii daraja lolote.

Wengine watasema akordeoni ni ya wazungu. Gitaa nalo lilikuja na meli. Zanzibar iliipokea akordeoni ndani ya taarab mpaka hakuna anayeuliza ilitoka wapi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaanzishwa Stone Town chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kinachowafundisha vijana vyombo vya taarab, akordeoni ikiwa mmojawapo. Mwaka 2019 chuo hicho nusura kifungwe kwa kukosa pesa. Hilo ni onyo: shule inayoishi kwa wafadhili peke yao inasimama kwa mguu mmoja.

Kinshasa ina Institut National des Arts tangu mwaka 1967. Ina pia orkestra ya Wakimbangu, iliyoanza mwaka 1994 na watu wengi ambao hawakuwahi kushika fidla, wakapokezana vyombo vichache mpaka wakajua. Kwa kijana wa Yangambi, Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,600 za maji, wiki kadhaa ndani ya masuwa akibahatika. Serikali ya jimbo la Tshopo, pamoja na shule na vyuo vilivyoko Kisangani na Yangambi, haina sababu ya kungoja Kinshasa ipande mto.

Ugumu halisi ni mdogo na wa kila siku. Unyevu wa msitu unatia kutu vijilimi vya chuma, joto linalainisha nta, ngozi ndogo zinazofunika matundu zinajikunja. Akordeoni ikiachwa kwenye kona ya darasa la udongo haimalizi misimu mingi ya mvua. Lakini Yangambi imekausha majani kwa karibu miaka tisini. Chumba kikavu inajua kukijenga. Kwa kuanzia ingetosha chumba kimoja cha namna hiyo, akordeoni mbili au tatu, kijana mmoja aliyetumwa kujifunza ufundi wa kuzirekebisha, na mzee mmoja wa lokole anayelipwa mshahara sawa na mwalimu wa hesabu.