Nani Aliyechanganya Michezo na Siasa?

Wapo waungwana wasemao kwa upole kwamba michezo ni michezo na siasa ni siasa. Walilisema neno hilo serikali ya Makaburu wa Afrika Kusini ilipotengwa viwanjani, na wangali wanalisema kila mtawala dhalimu anapoalika wageni kucheza kwake. Twawauliza: nani aliyeanza kuvichanganya?

Mwaka 1956 serikali hiyo ilitangaza kwamba weupe na wasio weupe wasicheze pamoja. Timu iliyoitwa ya taifa ikawa timu ya rangi moja. Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town aliyehesabiwa na sheria kuwa chotara, alilazimika kuhamia Uingereza ili kipawa chake cha kriketi kitambulike. Agosti 1968 aliifungia Uingereza mikimbio 158 dhidi ya Australia. Alipoteuliwa kwenda kucheza katika nchi aliyozaliwa, Waziri Mkuu Vorster aliikataa timu nzima, na ziara ikavunjika. Je, waliogoma ndio walioleta siasa uwanjani?

Wengine husema kwamba mgomo uliwaumiza wasio na hatia. Ni kweli, uliwaumiza, wala hatutaficha. Juni 1976 watoto wa Soweto walipigwa risasi. Damu yao haijakauka, timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza na Makaburu. Afrika ilidai New Zealand iondolewe katika Olimpiki za Montreal. Ilipokataliwa, mataifa zaidi ya ishirini yalisusia, Kenya ikiwamo. Mike Boit wetu, aliyekuwa na shaba ya mita 800 ya mwaka 1972, hakukimbia. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1500, hakukimbia. Dhahabu ya mbio hizo ilikwenda kwa John Walker wa New Zealand. Vijana hao walipoteza siku moja isiyorudi. Lakini mwana wa Soweto alinyang'anywa siku zote tangu kuzaliwa, na hakuna muungwana aliyemlilia.

Ndugu Wakristo, kanisa nalo lilikuwa na mashahidi wake. David Sheppard, kasisi aliyeichezea Uingereza kriketi, alikataa mwaka 1960 kucheza dhidi ya Afrika Kusini. Hakungoja azimio la baraza lolote. Dhamiri yake ilimtosha. Tarehe 25 Julai 1981 raia wa New Zealand wenyewe waliingia uwanjani mjini Hamilton, wakatukanwa na kupigwa chupa, lakini mechi ikafutwa.

Hatusemi kwamba mpira ndio ulioangusha ubaguzi. Waliouangusha ni wananchi wa Afrika Kusini kwa jasho na damu yao. Lakini kutoka 1964 hadi 1992 bendera ya Makaburu haikupepea katika Olimpiki, nao wakakosa kitu walichokitamani sana: kuonekana watu wa kawaida mbele ya dunia.

Basi, mtu akikuambia usichanganye michezo na siasa, mwulize ni nani aliyekatazwa kuingia katika timu, na kwa sababu gani. Akinyamaza, umepata jibu lako. Kushangilia kando ya dhuluma ni kuipigia makofi dhuluma yenyewe.