Skafu ya Nyuso Mbili

Wako watu wasemao ya kuwa mtoto anayejifunza kufuma asipewe kazi ngumu. Husema, na afume kwanza kitambaa cha rangi moja, kisha kingine, na kingine tena, mpaka mikono izoee. Mambo ya rangi mbili ayaache hata awe mtu mzima. Shauri hilo lasikika kuwa la hekima, walakini si jema. Mwanafunzi akisha kujua kufuma wazi na kufuma kinyume, yafaa apewe nyuzi za rangi mbili, afume skafu isiyokuwa na upande wa nyuma.

Skafu hiyo ni ya namna gani? Ni nguo mbili zilizofumwa pamoja kwa sindano zile zile. Upande mmoja ni mweupe, na wa pili ni mweusi. Pakiwa na ua jeusi upande mweupe, basi mahali pale pale upande mweusi pana ua jeupe. Mtu aweza kuivaa kwa upande apendao, wala hapana ajuaye upi ndio wa ndani.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mfumaji hutia sindanoni vitanzi 30 vyeupe na vitanzi 30 vyeusi, kwa zamu, cheupe na cheusi, jumla yake 60. Upande mweupe ukimwelekea, hupeleka nyuzi zote mbili nyuma ya kazi, akafuma wazi kitanzi cheupe kwa uzi mweupe. Kisha huleta nyuzi zote mbili mbele, akafuma kinyume kitanzi cheusi kwa uzi mweusi. Huendelea vivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari, akageuza kazi. Sasa vyeusi ndivyo afumavyo wazi, na vyeupe kinyume. Kila afikapo ukingoni huzipitanisha nyuzi hizo, moja juu ya nyingine. Asipofanya hivyo nguo mbili hazitashikana pembeni. Akitaka kutia ua, hubadili nyuzi tu: kitanzi cha mbele kwa mweusi, na cha nyuma kwa mweupe. Akitaka kutia herufi, na akumbuke ya kuwa upande wa pili zitaonekana kinyume. A na H hazidhuriki, lakini R haitasomeka vema.

Ufundi huu si mpya. Katika kitabu cha Tolstoy, Mrusi, kiitwacho Vita na Amani, kilichokamilika kuchapwa mwaka 1869, yumo mwanamke aitwaye Anna Makarovna. Yeye alifuma soksi mbili kwa wakati mmoja kwa sindano zile zile, moja ndani ya nyingine, na zilipokwisha alizichomoa mbele ya watoto, nao wakafurahi.

Mtu aweza kuuliza, Kwa nini taabu yote hii? Ua hufumwa pia katika nguo moja, na uzi usiotumika ukapitishwa kwa nyuma. Ni kweli, na kwa sweta njia hiyo yatosha, maana nyuma yake hufichwa na mwili. Lakini skafu hupinduliwa na upepo, nazo nyuzi zile zilizolegea huonekana na kunasa vidole. Kitu kinachoonekana pande zote sharti kifumwe vizuri pande zote.

Hapo ndipo lilipo fundisho lenyewe. Mtoto akisahau kuleta uzi mweupe mbele pamoja na mweusi, hatalijua kosa lake mara moja, kwa kuwa upande unaomwelekea ni safi kabisa. Akigeuza kazi ndipo aonapo uzi mweupe umelala juu ya nguo nyeusi kama kovu. Akiliona papo hapo, atafumua mstari mmoja, yaani vitanzi 60. Akiliona baada ya mistari 20, atafumua vitanzi 1,200. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mfumaji mwenye akili hutazama nyuma kila mwisho wa mstari.

Aghalabu hapo hutokea mwenye huruma, mwalimu au dada mkubwa, akaitwaa kazi, akaifumua na kuitengeneza upesi, akamrudishia mtoto. Huruma hiyo ni hasara. Mtoto amepata skafu safi, lakini hakujua kosa lilitoka wapi, na kesho atalirudia. Afadhali aonyeshwe mahali penye kosa, kisha aachwe afumue kwa mikono yake mwenyewe, hata machozi yakimtoka. Kufuma na kufumua ni kazi moja.

Wengine husema ya kuwa sufu ni ghali, na skafu hii hula sufu mara mbili. Neno hili lina haki yake. Lakini sufu yaweza kupatikana kwa kufumua sweta kuukuu, na joto lake nalo huzidi, maana hewa hukaa katikati ya nguo mbili. Mtoto wa Njombe au Limuru aijua baridi ya Juni na Julai, naye hatajuta. Mtoto wa Mombasa hana haja ya skafu. Yeye na afume kwa uzi wa pamba kitambaa kidogo cha kushikia sufuria ya moto. Nguo mbili zitamwokoa vidole, na ufundi ni ule ule.

Tena wako wavulana wanaocheka wakisema kufuma ni kazi ya wasichana. Katika kisiwa cha Taquile, katika ziwa Titicaca huko Peru, wanaume ndio wafumao kofia kwa sindano, nao hujifunza tangu utoto. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza sanaa ya kisiwa hicho kuwa urithi wa wanadamu wote. Hapana awachekaye.

Basi mwanafunzi apewe madonge mawili ya uzi, wala asingojee kuwa mtu mzima. Skafu yake ya kwanza huenda ikawa fupi, tena imepinda ukingoni. Hilo si neno. Mtu akiigeuza, naye mwenyewe akatulia bila kuona haya, amekwisha kujua kufuma.