Kikanda na Mlishaji Wake wa Chini ya Udongo

Ninyi mliokaa Lubumbashi mnakijua kikanda. Mama anatwanga viazi vyake vidogo, anachanganya na unga wa karanga, chumvi na pilipili, anapika mpaka kinashikana, kisha anakata vipande. Lakini ni wangapi wanajua kwamba viazi hivyo ni vya maua ya jamaa ya orkide? Ndugu zake wengine wako karibu na sisi wa Nyangezi, juu ya matawi ya miti katika pori la Kahuzi-Biega.

Kijana anaweza kuuliza: Kwa nini tusilime kikanda kama viazi vitamu? Swali zuri. Twaa mbegu ya haragi, uipasue. Ndani kuna akiba ya kulisha mche mpaka utoe majani. Mbegu ya orkide haina akiba hiyo. Ni kama vumbi tu, upepo unaibeba. Ikianguka mahali pasipo na kuvu inayoifaa, yaani jamaa ya uyoga, inakufa kwa njaa.

Kuvu ikiwa pale, nyuzi zake nyembamba zinaingia ndani ya mbegu, na baadaye ndani ya mizizi, zinajiviringa huko. Mmea unaziyeyusha na kupata sukari pamoja na chumvi za udongo. Kuvu nyingi zinatoa chakula hicho katika majani na miti iliyooza. Mfaransa Noël Bernard aligundua jambo hili mwaka 1899. Orkide nyingi zikishatoa majani mabichi zinajitengenezea sukari, tena nyingine zinamrudishia mlishaji wake. Lakini ziko zisizotoa majani mabichi kamwe. Hizo zinalishwa maisha yote.

Basi muone hatari. Anayechimba kiazi kabla ua halijatoa mbegu ameondoa mama pamoja na watoto, na kupanda upya si rahisi. Kule Tanzania, viazi hivi vilichimbwa sana na kuuzwa Zambia. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, wenye orkide nyingi, ukafanywa hifadhi ya taifa.

Kwa hiyo, mnaochimba, acheni mimea mingine ikomaze mbegu. Nawe unayetaka kubandua orkide mtini ili upambe nyumba, iache pale pale. Hata ikitoa mbegu ndani ya kopo lako, nani atazilisha?