Mambo ya Nyumbani: Chumvi Itiwe Mwisho

Katika nyumba nyingi za Kondele, kando ya njia iendayo Kakamega, familia nzima hupikiwa katika sufuria moja juu ya jiko moja la makaa. Baba hurudi kazini jioni, watoto wakubwa hurudi shule, na mama naye hutoka sokoni na kifurushi cha omena na fungu la mboga. Mtoto mchanga anapotimiza miezi sita, swali huzuka: je, huyu naye atakula nini? Wengine humpa uji mwembamba peke yake, asubuhi, mchana na jioni. Wengine humtilia mchuzi wa wakubwa ulivyo, wenye chumvi nyingi, wakisema ya kwamba mtoto hapendi chakula kisicho na ladha. Wengine tena hutumia fedha nyingi kununua vyakula vya kopo. Njia zote tatu zina hasara zake, na iko ya nne iliyo rahisi kuliko hizo.

Njia yenyewe ni hii: pika chakula cha nyumba yote bila chumvi, toa fungu la mtoto, ndipo utie chumvi ya wakubwa. Chungu ni kile kile, makaa ni yale yale, wala hakuna senti inayozidi.

Kwanza tuone sababu. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri ya kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama tu hata atimize miezi sita, kisha aanze kula vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Maziwa ya mama yana chumvi kidogo sana, nayo yamtosha. Figo za mtoto mchanga hazijakomaa, kwa hivyo haziwezi kuitoa chumvi nyingi kwa wepesi kama figo za mtu mzima. Waganga wa Uingereza huwaagiza wazazi ya kwamba mtoto asiyetimiza mwaka asipate hata gramu moja ya chumvi kwa siku. Gramu moja ni kama sehemu ya tano au ya sita ya kijiko cha chai, na kiasi hicho ni cha vyakula vyote pamoja. Vijiko vichache vya mchuzi uliokolea, pamoja na kipande cha mkate, huweza kukimaliza kabla ya jua kuchwa.

Sababu ya pili ni mazoea. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Ulimi wa mtoto hujifunza. Akizoeshwa chumvi nyingi, ataitaka siku zote. Akizoeshwa ladha ya samaki, ya kunde na ya viazi kama zilivyo, ataziona tamu. Nchini Uholanzi watoto wachanga wapatao 476 waligawanywa makundi mawili, moja likapewa chakula chenye chumvi kidogo kwa muda wa miezi sita. Habari zao zilitolewa mwaka 1983: shindikizo la damu la kundi hilo lilikuwa chini kidogo kuliko la wenzao. Tofauti haikuwa kubwa, lakini baadhi yao walipopimwa tena baada ya miaka 15, bado ilikuwapo.

Jambo hili latuhusu sisi wa pwani ya ziwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilieleza uchunguzi uliofanywa juu ya Waluo waliotoka vijijini magharibi ya Kenya kwenda kukaa Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Haukupita muda mrefu, shindikizo la damu la wahamiaji likawa juu zaidi, na mkojo wao ukaonyesha ya kwamba wanakula chumvi nyingi kuliko zamani, na vyakula vyenye potasiamu, kama vile mboga na viazi, kwa uchache. Watu walikuwa wa kabila moja na vijiji vile vile. Kilichobadilika ni maisha yao, na katika hayo, chakula chao. Basi mkulima asidhani ya kwamba maradhi haya ni ya matajiri, wala karani asidhani ya kwamba yanaanza siku ya kustaafu. Huandaliwa mezani, kidogo kidogo, tangu utotoni.

Lakini tahadhari: kumwondolea mtoto chumvi si kumwondolea chakula. Hatari ya uji mtupu ni ya karibu kuliko ya chumvi. Dr. Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliuandikia ulimwengu mwaka 1935 juu ya kwashiorkor, neno la watu wa Ga, yaani ugonjwa umpatao mtoto mdogo wake azaliwapo. Mtoto huondolewa katika ziwa la mama akapewa uji mwembamba wa mahindi. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, na furaha humtoka. Tumbo lake limejaa, lakini limejaa maji. Kwa hivyo chakula cha mtoto kiwe kizito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika, tena kiwe na kitu cha kujenga mwili.

Hapa ndipo omena wanapostahili sifa. Samaki hawa wadogo, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa na wa Uganda mukene, huliwa pamoja na mifupa yao, nao wana protini, chokaa ya mifupa na madini ya chuma. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huanza kupungua afikapo miezi sita. Chakula chake lazima kiirudishe. Chagua omena waliokaushwa kwa jua bila kutiwa chumvi. Onja mmoja kabla ya kununua.

Sasa tupike. Chagua omena na kuondoa takataka, uwaoshe kwa maji ya moto mara tatu au nne mpaka mchanga uishe. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia omena, kisha nyanya mbili tatu zilizokatwa, ufunike mpaka nyanya zilainike. Ongeza maji kidogo na uache vichemke mpaka omena wawe laini kabisa. Kama una ndimu au dania, tia. Ladha itapanda bila chumvi. Hapo ndipo utoe vijiko viwili au vitatu vya mtoto. Vitwange katika kinu kidogo au uviponde kwa uma mpaka visiwe na miiba ya kuchoma, uchanganye na ugali laini au kiazi kitamu kilichopondwa, na osuga au kunde zilizokatwa ndogo sana. Sasa urudi kwenye sufuria. Kwa mchuzi wa watu watano, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu kinatosha. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja kama hicho, na mkate wa asubuhi tayari umekwisha kumpa sehemu yake.

Siku ya ngege wabichi, wachemshe kwa nyanya na kitunguu, utoe nyama ya mtoto kabla ya chumvi, na uisugue kwa vidole ili kuhakikisha hakuna mwiba. Siku ya maharagwe, yaponde na kuondoa maganda magumu. Njugu zisagwe ziwe laini na kutiwa katika uji. Njugu nzima zaweza kumkaba mtoto, na zenye ukungu zitupwe. Kijiko kidogo cha unga wa kimea cha wimbi, kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, huulainisha bila kuuongezea maji. Kisha urudishwe motoni uchemke tena.

Iko chumvi iliyojificha. Magadi, ambayo Waluo huiita bala na kuitumia kulainisha apoth, nayo ina sodiamu, kitu kile kile kilichomo katika chumvi. Tena huharibu vitamini za mboga. Toa mboga ya mtoto kabla ya kuitia. Osuga zikipikwa kwa maziwa hupoteza uchungu bila magadi. Vidonge na unga wa kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi. Vitiwe baadaye, au visitiwe kabisa. Samaki waliokaushwa kwa chumvi hawamfai mtoto, hata wakilowekwa, kwa maana maji hayaitoi yote. Chai ya rangi nayo isimwandame, kwani huzuia chuma kuingia mwilini. Asali asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

Huenda mama mkwe atasema, “Sisi tulikula chumvi, na tumekua.” Asijibiwe kwa ukali. Aombwe aonje chakula cha mtoto kilichopikwa kwa nyanya na kitunguu, naye amlishe mjukuu kwa mkono wake. Mwingine atauliza juu ya aidini, ambayo sheria ya Kenya yaamuru itiwe katika chumvi ya dukani ili kuzuia uvimbe wa shingo. Swali lake ni jema. Mama aendelee kutumia chumvi hiyo, kwa kiasi. Aidini itamfikia mtoto kwa maziwa yake.

Mtoto wa miezi sita aanze kwa vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Afikapo miezi tisa apewe mara tatu au nne, nusu kikombe kila mara, naye angali akinyonya. Akitema chakula kipya leo, msimshurutishe. Mpeni tena kesho na kesho kutwa. Pengine atakipokea mara ya nane au ya kumi. Akikonda, akivimba miguu au akikataa kula kabisa, msingoje: apelekwe kliniki apimwe uzito.

Neno la mwisho ni kwa baba wa nyumba. Mara nyingi mama hutia chumvi mapema kwa kuogopa kwamba bwana atanung’unika mezani. Bwana na aseme leo hii ya kwamba atangoja. Mezani apunguze chumvi kidogo juma hili, na kidogo tena juma lijalo, na kabla ya miezi michache kupita ulimi wake utakuwa umezoea. Kwa njia hiyo desturi iliyoanzishwa kwa ajili ya mdogo itawafaa wakubwa pia.