Mgongo wa Bodaboda Halali, Baiskeli Haramu?



Leo hakuna singo wala mapishi ya biriani. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa baiskeli. Mwenye presha akae vizuri.

Nataka mtu mmoja anieleze, taratibu, kwa dalili. Mwanamke anatoka Fuoni anakwenda sokoni Mwanakwerekwe. Akisimamisha bodaboda, akapanda nyuma ya kijana asiyemjua wala si maharimu wake, kila tuta na kila breki wanagusana, hakuna anayegeuza shingo. Mwanamke huyo huyo akipanda baiskeli yake, peke yake, buibui limemfika kifundo cha mguu, mikono kwenye usukani wake mwenyewe, hapo ndipo zinasikika astaghfirullah za barazani. Ni stara ipi hiyo tunayoilinda?

Na vespa je? Mjini dada zetu wanaendesha vespa asubuhi na jioni, na buibui zao, mtoto mbele, mkoba begani. Tumezoea, na wala si vibaya. Kwa hiyo kukaa juu ya magurudumu mawili si tatizo. Injini ikiwepo ni heshima, miguu ikifanya kazi ni aibu. Mimi hapo sioni dini. Naona tunauonea haya umasikini. Baiskeli tumemwachia muuza samaki, mkata majani ya ng'ombe na mzee wa shamba, kisha haya yetu ya ufukara tukaivisha kilemba na kuiita sharia.

Nendeni kusini muone. Paje, Bwejuu, Jambiani, kule ambako kina mama wanalima mwani wa biashara tangu mwaka 1989, mnakutana na wanawake na wasichana wa skuli juu ya baiskeli, mtandio umefungwa sawasawa, ndoo nyuma, salaam mdomoni. Hao hawakungoja ruhusa ya mtu wa mjini. Na sisi wa mjini hatuwashindi kwa dini.

Tukija kwenye dini yenyewe, basi tuje kweli. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwasifu wanawake wa Kiquraysh kuwa ni wabora wa wanawake wanaopanda ngamia, kwa huruma zao kwa watoto na kuwatunzia waume zao mali. Kupanda kumetajwa ndani ya sifa. Bibi Ummu Haram (R.A.) alivuka bahari pamoja na jeshi mpaka kisiwa cha Cyprus, na akafa kwa kuanguka kutoka kwenye mnyama wake. Sijamsikia mwanachuoni aliyesema alikosea kupanda.

Lakini ninayempenda zaidi katika habari hii ni Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.). Alikuwa akibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe Zubayr, masafa ya theluthi mbili za farsakh, yaani kilomita 3 na ushei. Siku moja akakutana na Mtume (S.A.W.) akiwa na baadhi ya Ansari, naye akamsimamishia ngamia ili ampakie. Asmaa akaona haya kwa wale wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe, hakupanda. Alipofika nyumbani akamsimulia Zubayr. Na Zubayr, mwenye wivu wake unaojulikana, akamwambia kwamba yeye kumuona amebeba kokwa zile ndiko kuliko kuzito kwake kuliko kumuona amepanda.

Waume zetu, someni hapo mara mbili. Mnaosema "mimi nina wivu, mke wangu hapandi baiskeli", kisha mnamuona anarudi sokoni kwa miguu saa saba ya mchana, mkoba wa viazi mkono wa kulia, mtoto ubavuni, hilo haliwaumi? Wivu wa Zubayr ulikuwa unajua kipi kizito.

Sasa lile jambo ambalo mama zetu hawalitaji kwa sauti. Nalitaja mimi, maana mabibi harusi ndio wanaolipa gharama yake. Wasichana wengi wanateremshwa kwenye baiskeli wakifika miaka 10 au 11, na sababu inayonong'onwa ni ubikira. "Utajiharibu." Msichana anaacha kuendesha, anaanza kutembea saa nzima kwenda skuli, hajui kwa nini. Akija kuolewa anakaa na hofu kwa sababu alipokuwa mdogo alipanda baiskeli ya kaka yake.

Nisikilizeni. Kizinda si muhuri wa posta. Maumbile ya wanawake yanatofautiana, na hakuna anayeweza kukiangalia akajua historia ya mtu. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe kabisa, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi na unawadhalilisha wanawake. Na msidhani hayo ni maneno ya kizungu tu. Madhehebu yetu ya Kishafi, tunayosomeshwa hapa tangu chuoni, kauli yenye nguvu ndani yake ni kwamba msichana aliyepoteza kizinda kwa kuruka, kuanguka au ugonjwa, hukumu yake ni ya bikira. Mafakihi waliliona hilo karne nyingi nyuma, kabla baiskeli haijazaliwa. Kungwi anayemtisha mwari kwa baiskeli akasome upya.

Inabaki hoja moja, nayo ndiyo ninayoiheshimu. Mama anasema: "Mimi sina neno na baiskeli, naogopa barabara." Hapo mama ana haki. Ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wenye pikipiki, yaani wasio na bati la kuwakinga.

Ila tazameni tunachokifanya na hofu hiyo. Dereva anakwenda mbio, anayefungiwa ndani ni binti. Dereva anasoma ujumbe kwenye simu, anayeambiwa abaki nyumbani ni mwanamke. Gari ikiwa kilomita 60 kwa saa, mtu akiinamia simu yake sekunde 3 ameshakwenda mita 50 bila macho. Mita 50! Hapo katikati anaweza kupita muuza mikate, mtoto wa chuo na msahafu wake, na wewe. Na aliyeonekana mkosa ni wewe, kwa sababu "ulikuwa unatafuta nini barabarani".

Barabara si mali ya mwenye injini. Masahaba walipokatazwa kukaa njiani wakasema hawana budi na vikao vyao, wakaambiwa basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salaam, kuamrisha mema na kukataza maovu. Wahubiri wetu wa kiume wanalipenda sana lile la kuinamisha macho, na wanalielekeza kwetu. La kuzuia udhia linapita kimya. Kumpigia honi mwanamke aliye kwenye baiskeli mpaka atumbukie mtaroni ni udhia. Kumpitia karibu hadi buibui linapepea ni udhia. Mimi mwenyewe nimepigiwa kelele na utingo wa daladala niende nikaoshe vyombo. Vyombo nilikuwa nimeshaviosha tangu alfajiri.

Hispania na Ujerumani zimeandika kwenye sheria kwamba mwenye gari akimpita mwenye baiskeli aache nafasi ya mita 1.5. Kwetu hatuhitaji hata futi ya fundi seremala, maana kipimo hicho kipo sandukuni kwa kila mwanamke wa Kiswahili: kanga moja ikikunjuliwa urefu wake ni kama mita 1 na nusu. Mwambieni kaka, mwambieni mume, mwambieni ami mwenye daladala: ukimpita mtu wa baiskeli, mpishe kanga moja. Huna nafasi ya kanga? Punguza mwendo, subiri nyuma, sema subhanallah mara kumi, mbele utapita.

Na serikali nayo isikae pembeni ikitusikiliza tunavyogombana. Mnaujua msitu wa Jozani. Barabara inayokwenda kusini inapita katikati yake, na magari yalikuwa yakiwaua kima punju, wale wekundu wasiopatikana mwituni popote ila Zanzibar. Yakawekwa matuta. Vifo vya kima vikapungua. Alhamdulillah, na wale ni viumbe vya Mungu. Nauliza tu, bila chuki na kima: kama tunajua kwamba tuta linaokoa roho, mbona ziko skuli na vyuo kando ya barabara ya lami ambako gari inapita kwa mwendo ule ule wa porini? Kima hakwenda kuandamana kudai tuta lake. Sisi tuna sheha, tuna diwani, tuna mwakilishi, na wakati wa kura wanatujua kwa majina.

Msiniambie Ulaya wamezaliwa na njia za baiskeli. Mwaka 1971 Uholanzi ilipoteza zaidi ya watu 3,000 kwa ajali za barabarani, watoto zaidi ya 400 wakiwemo. Wazazi wakatoka, kina mama mbele, wakafunga mitaa ili watoto wacheze, wakatandika meza za chakula katikati ya njia. Harakati yao waliiita Stop de Kindermoord, maana yake komesheni mauaji ya watoto. Njia zile nzuri tunazoziona kwenye picha zilidaiwa.

Nasi wapanda baiskeli tusijitie umalaika. Kuna dada anaendesha upande wa kulia akikabiliana na magari, anasema "ili niyaone". Pita kushoto, yanakokwenda magari, na nenda mstari ulionyooka, usichomoke kama paa. Usiku bila taa ni kujitia kwenye maangamizi, na taa ya betri si ghali kuliko hina ya mkono mmoja. Sikio lenye kaswida ndani halisikii lori. Buibui nalo lina adabu yake: chagua baiskeli ya kike yenye kifuniko cha cheni kizima, weka wavu kwenye gurudumu la nyuma, vaa suruali pana ndani, bana pindo kwa klipu mbili. Ukikosa kifuniko usipande na buibui refu. Cheni haijui sitara, inavuta tu.

Nimefika kwenu, mabibi harusi. Mna nguvu mbili ambazo mtu hajawaambia.

Ya kwanza ni mahari. Mahari ni haki yako, na kitu chenye thamani na manufaa kinafaa. Watu wanataja makochi, kabati la milango mitatu, televisheni ya ukutani. Taja baiskeli. Mpya, ya kike, yenye taa na kengele. Najua shangazi atacheka na watu watasema binti wa fulani kaolewa kwa baiskeli. Waache wacheke. Kabati halijampeleka mtu kliniki.

Ya pili ni msafara. Hapa sitaki utani. Misafara yetu ya harusi imekuwa aibu ya mji. Magari yanatanda njia nzima, taa zinawaka mchana, vijana wa pikipiki wanainua gurudumu la mbele, mpiga video anatoa kiwiliwili chote dirishani, na kila mwenye baiskeli na gari la ng'ombe anasukumwa pembeni kana kwamba barabara imekodishwa pamoja na ukumbi. Tumetoka kusomewa khutba ya nikaha, dua bado ziko hewani, tunaanza kuudhi waja wa Mungu. Muuza samaki anayeangushwa na msafara wako ana mke pia, na yule mke alikuwa mwari kama wewe.

Msiseme ni mambo ya wanaume. Pesa za mapambo mnazipangia, rangi ya riboni kwenye boneti mnaichagua nyinyi. Chagueni na mwendo. Magari machache, upande mmoja wa njia, pikipiki za michezo hapana, honi hapana mbele ya hospitali na msikiti, na kila baiskeli ipishwe kanga moja. Mwambieni hayo kiongozi wa msafara siku ya kumpa kianzio, mbele ya kaka yako. Nusu ya pesa iliyobaki alipwe mkifika.