Dawa kali za maumivu zisikatishwe ghafla

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowatesa wagonjwa kimyakimya, nalo ni kukatishwa ghafla dawa kali za maumivu walizozimeza kwa miezi mingi.

Sizungumzii vidonge vya kuumwa kichwa. Nazungumzia dawa za jamii ya afyuni kama tramadoli, kodeini na mofini, ambazo hutolewa kwa cheti cha daktari. Ni dawa zenye manufaa makubwa, na mgonjwa wa saratani anayepewa mofini asiogopeshwe na barua hii. Lakini mwili ukizizoea kwa muda mrefu hauwezi kuziacha kwa siku moja. Siku ya kwanza au ya pili mgonjwa hutoka jasho, hutetemeka, huharisha, hukosa usingizi na kuumwa mwili mzima. Tramadoli huweza hata kuleta hofu kubwa na kuona mambo yasiyokuwapo.

Kijijini kwetu mkulima mmoja alivunjika mguu, akatumia tramadoli kwa muda wa miezi minane. Siku moja mtoa dawa alimwambia, "Umeshazoea, acha leo leo." Siku ya tatu jamaa zake walikuwa wanamtafutia mganga, na majirani wanamwita teja. Mwishowe aliuza mbuzi ili anunue vidonge kwa njia za panya. Mtu huyu hakuwa mlevi, bali mgonjwa aliyefuata cheti alichopewa. Alipona pale daktari mwingine alipomwandikia ratiba ya kupunguza dawa kidogo kidogo, na leo yuko shambani.

Jambo hili si la kijiji chetu peke yake. Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wagonjwa waliokatishwa dawa hizi ghafla walipatwa na mateso makali, na wengine walijiua. Mwongozo uliotolewa huko mwaka 2022 unashauri kwamba aliyetumia kwa mwaka mmoja au zaidi apunguziwe kama sehemu moja ya kumi kila mwezi, au polepole kuliko hapo. Hali ikiwa ngumu, daktari husimamisha kupunguza kwa muda, kisha huendelea.

Wananchi wenzangu, hesabu hiyo tusiifanye wenyewe nyumbani. Vidonge vya tramadoli vya unga ndani ya ganda havikatwi wala kufunguliwa, hivyo ni daktari anayejua kipi kiondoke na lini. Mama mjamzito asiache bila ushauri. Dawa hizi zisichanganywe na pombe wala vidonge vya usingizi. Na aliyekwisha kupunguza asirudie kamwe kiasi cha zamani, kwa maana mwili umeshasahau, na pumzi yaweza kukatika akafa.

Serikali yetu ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 kwa walioathirika na heroini, nao wanahudumiwa kwa uvumilivu na kwa hatua. Huo ni utu. Je, mkulima aliyeanzishiwa dawa na hospitali yenyewe astahili kupewa pungufu ya hapo?

Hivyo basi naishauri Wizara ya Afya mambo matatu. Kwanza, mgonjwa aelezwe siku ile ile anapoanza dawa kwamba itaachwa kwa hatua. Pili, apewe ratiba ya kupunguza iliyoandikwa kwa Kiswahili. Sisi walimu wa vijijini huletewa pakiti za dawa tuwasomee wazee maelezo ya Kiingereza, na hiyo si kazi tuliyosomea chuoni. Tatu, zahanati zihakikishe kwamba mgonjwa aliye katikati ya ratiba haishiwi dawa.

Nasi majirani tuache kuwabandika wagonjwa majina mabaya, kwani mwenye kuonewa haya hujificha, na anayejificha hununua vichochoroni. Kuanzisha dawa ni kazi ya hospitali, na kumtoa mgonjwa katika dawa hiyo salama ni kazi ya hospitali pia.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpwapwa, Dodoma.